Kisanduku Kitupu Nilichokiita Mzima

Siku mliyoniaga, baada ya pilau na soda, mshereheshaji alisimama akasema kwamba Mzee Masunga, katika miaka yake yote ya kazi, hajapoteza hata ujumbe mmoja. Mkapiga makofi. Mimi nikainamia sahani yangu nikijifanya natafuta nyama. Ni kweli sijapoteza ujumbe. Nilichofanya ni kibaya zaidi, na kwa kuwa mmeniomba niwaandikie jinsi mifumo yetu inavyozungumza, ili wanaokuja wasianze kwa kupapasa, nitaandika yote na hilo pia litakuwemo. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Hazina cha kumfundisha mtu.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa na kompyuta. Nilianza kama karani wa redio ya upepo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi, wakati huo bado tuko chini ya Shinyanga. Vituo vya kupokelea pamba vilikuwa vijijini, na kila asubuhi karani wa kila kituo alitusomea fomu yake redioni. Fomu ilikuwa na visanduku kumi na viwili, kila kimoja na namba yake. Hakuna aliyesoma majina ya visanduku, maana betri za vijijini hazikuwa na subira. Karani alisoma namba na jibu tu: "Moja, arobaini. Mbili, sita. Tatu, mbovu." Sisi tuliokuwa na fomu ileile upande wa pili tulijua kwamba tatu ni barabara.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja tuliyemwita Bhabha Limbu, mfupi, mkali, anayevaa sweta hata jua likiwaka. Siku yangu ya pili karani wa kituo cha Sola alisoma, "Nne, ishirini. Sita, nane," akairuka tano. Nikaandika sifuri kwenye kisanduku cha tano, kwa roho safi kabisa. Tano ilikuwa chupa za dawa ya wadudu. Limbu akanishika mkono kabla wino haujakauka.

"Amesema sifuri?"

"Hakusema kitu, bhabha."

"Sasa hiyo sifuri umeitoa wapi? Kwenu?"

Nikasema nilidhani hana dawa.

"Huenda anazo hamsini na hajazihesabu. Huenda fomu yake imechanika hapo. Wewe unaandika sifuri, kesho gari linapeleka dawa Sola, na kwenye wadudu kweli hakufiki kitu. Mtu akikaa kimya, andika kwamba amekaa kimya."

Akabonyeza kitufe akauliza, "Sola, tano?" Sauti ikarudi na mikwaruzo yake: "Tano tupu, bado." Nikafuta sifuri, nikaandika TUPU kwa herufi kubwa. Kuanzia siku hiyo fomu zangu zilijaa neno hilo, na wakubwa wakawa wanalalamika kwamba karani mpya ni mvivu wa kujaza.

Kanuni yake ya pili ilihusu fomu zinapobadilishwa. Kisanduku kikifutwa, namba yake inazikwa pamoja nacho, haipewi kitu kingine. "Kuna karani kule porini ana rundo la fomu za zamani," alisema, "na hatazitupa mpaka panya wazimalize." Hizo mbili ndizo zilikuwa elimu yangu yote. Vyote nilivyojifunza baadaye kwa Kiingereza, kwenye vitabu vinene, vilikuwa ni hizohizo zimevalishwa suti.

Kiwanda kilipopunguza watu nilikuwa nimeshaanza kuchezea kompyuta ya parokia, nikaiharibu mara mbili nikaitengeneza mara tatu, hadi padre akaona nafuu anipe ufunguo wa chumba. Nilijifunza kuandika programu kwa vitabu vya kuazima na kwa ubishi. Miaka ikaenda. Nikatengeneza mifumo midogo ya maghala, ya zahanati, ya mbegu, na mji nao ukakua ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu. Ndipo nikaajiriwa kwenye mradi wa kupima ng'ombe.

Wengi wenu mlikuja mradi ule umeshafungwa, kwa hiyo niueleze. Ulikuwa unapima damu ya ng'ombe kutafuta ugonjwa wa kutupa mimba, ule ambao mtu naye huupata akinywa maziwa mabichi. Programu zilikuwa tatu. Kompyuta ya maabara ilikuwa imeandikiwa programu kwa lugha ya Python na kijana mmoja aliyekwisha kuhamia Mwanza. Simu za maafisa mifugo zilikuwa na programu ya Java. Katikati kulikuwa na seva, ambayo ilikuwa yangu. Afisa akiwa kijijini, simu yake iliita kazi iliyokuwa ikifanyika kwenye seva huku Bariadi kana kwamba kazi hiyo imo ndani ya simu yenyewe: nipe majibu ya ng'ombe namba fulani. Ili lugha hizo zielewane, kulikuwa na faili moja tuliloliita mkataba. Ndani yake tuliandika kila aina ya ujumbe, visanduku vyake na namba ya kila kisanduku. Kifaa kinasoma mkataba huo na kutoa msimbo wa Python, wa Java, na wa lugha nyingine yoyote utakayo. Hewani hayaendi majina. Inakwenda namba ya kisanduku na jibu lake.

Siku ya kwanza nilipoona mkataba wa namna hiyo nilicheka peke yangu ofisini. Ilikuwa fomu ya Limbu, ile ile, bila sweta.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye aibu yangu. Kila lugha ina namna yake ya kusema hakuna kitu. Python ina neno lake kwa jambo ambalo halijajazwa, na halifanani na sifuri. Lakini namna tulivyofungasha ujumbe kabla ya kuutuma ilikuwa na ubahili wake: jibu likiwa sifuri, halisafirishwi kabisa, na upande wa pili usipoona kisanduku unajaza sifuri wenyewe. Maana yake kimya na sifuri vinafika vikiwa kitu kimoja. Na kwenye orodha ya majibu, lazima jibu mojawapo lipewe sifuri. Nilikaa na karatasi nikaandika kisanduku cha tano, majibu ya damu: sifuri, MZIMA; moja, MGONJWA.

Kwa nini mzima? Kwa sababu ng'ombe wengi ni wazima, na jibu la sifuri halichukui nafasi hewani, na mtandao wa vijiji kama Mwamapalala ulikuwa wa kubahatisha. Niliokoa baiti mbili kwa kila ng'ombe. Nilizionyesha baiti hizo kwenye kikao kwa projekta, nikasifiwa, na nikaenda nyumbani nikiwa nimevimba kichwa. Limbu alikuwa ameshafariki. Angekuwepo angenishika mkono.

Kule Mwamapalala afisa mifugo wa mradi alikuwa Kabula, mama wa makamo, mpole wa maneno lakini ng'ombe walimwogopa. Alikuwa anaandika kila kitu mara mbili: kwenye simu, na kwenye daftari lenye jalada gumu alilolifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Nilikuwa namwita mayu, yaani mama, na kumtania.

"Mayu, hilo daftari unamwandikia nani?"

"Simu ikizima atakumbuka nani? Wewe?"

Kwetu, kama mjuavyo, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye boma moja. Anawagawa kwa ndugu na wakwe wamtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye mali, na ugonjwa ukiingia boma moja, maboma mengine yanamwokoa. Kwa sababu hiyo mradi uliomba kwamba ng'ombe asihamishwe kwenda kwa mtunzaji mpaka afisa asome majibu mbele ya familia zote mbili. Lilikuwa wazo zuri, na watu walilipenda kuliko mengine yote tuliyowaletea.

Mzee Ngassa wa Mwamapalala alitaka kupeleka mitamba wanane kwa mkwe wake, Maduhu, kule Sola. Kabula akawatoa damu, akaileta Bariadi. Maabara wakaona saba ni wazima, na mmoja majibu yake hayaeleweki, wakaamua kurudia kipimo. Wakampigia Kabula wakamwambia, "Mmoja tunarudia." Kwenye kompyuta wakaacha jibu la mtamba yule bila kujaza, kama walivyotakiwa. Programu yao ikahifadhi kwamba halijajazwa. Kisha ikatuma rekodi zote nane kwangu, mimi nikazipeleka Mwamapalala, na kwenye simu ya Kabula mtamba wa nane akatokea MZIMA, kwa rangi ya kijani niliyoichagua mwenyewe.

Kabula akajua kipimo kimesharudiwa. Nani asingejua hivyo? Akawasomea wazee wote wawili: wanane, wazima. Wakashikana mikono, na mitamba wakaswagwa hadi Sola. Kipimo kiliporudiwa na kuonyesha mgonjwa, maabara walijaza, lakini simu haikuuliza tena. Nilikuwa nimeiandikia kwamba ng'ombe akishapata jibu isisumbue tena mtandao.

Miezi baadaye ng'ombe wa Maduhu walianza kutupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Mke wake akaugua homa zile zinazokuja na kuondoka, akakonda, hakuweza tena kushika jembe. Maduhu akasema mkwe wake amemtupia ugonjwa kwa makusudi. Ngassa akasema yeye alisomewa majibu, na aliyesoma ni Kabula. Maneno yakaanza. Wengine walisema Kabula hakupima damu kabisa, wengine wakasema alipewa mbuzi ili anyamaze.

Malalamiko yalipofika ofisini nilifungua kumbukumbu za seva, nikautafuta ujumbe wa siku ile, nikaufungua kisanduku kimoja kimoja. Moja, namba ya ng'ombe. Mbili, kijiji. Tatu, tarehe. Nne, jina la mwenye mali. Sita, jina la mtunzaji. Tano haikuwepo. Haikunichukua dakika kumi. Nilisikia sauti ya Limbu waziwazi, hiyo sifuri umeitoa wapi, na nikajua kwamba jibu ni lilelile: kwetu.

Kikao kiliitwa keshokutwa yake. Nilikuwa na siku nzima ya kwenda kwa mkuu wa mradi na kumwambia. Nilifika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili hakuwa na mgeni, nikamuuliza kama karatasi za printa zimefika.

Kwenye kikao Kabula alikaa mbele yangu, daftari lake mapajani. Alieleza bila kupandisha sauti. "Maabara waliniambia wanarudia mmoja. Halafu simu ikaonyesha ni mzima. Nikajua wamerudia."

Mkuu wa mradi akanigeukia. "Masunga, simu inaweza kuonyesha kitu ambacho maabara hawakutuma?"

Nikajibu, "Mfumo unaonyesha kile kilichoingizwa."

Sentensi hiyo niliitengeneza njiani, nikaipima kila upande. Ukiishika kwa namna fulani ina ukweli ndani yake. Nimeandika programu nyingi maishani mwangu, na sijawahi kuandika kitu kwa uangalifu kama sentensi ile. Kabula alinitazama. Hakuwa na hasira, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kusaidiwa kukumbuka. Kisha akasema polepole, "Basi labda nilisoma vibaya."

Nikaandika maneno yake kwenye muhtasari, maana katibu wa kikao nilikuwa mimi.

Mkataba wa kazi wa Kabula haukuongezwa. Mimi nikabaki na kazi ya kuficha, ambayo kwa sura inafanana sana na kazi ya kurekebisha. Andikeni hili, lina faida: sikuweza tu kuhamisha MZIMA kutoka sifuri, kwa sababu simu zilizokuwa vijijini zilikuwa na mkataba wa zamani, na kwao sifuri ingebaki mzima milele. Ilibidi nizike kisanduku cha tano, nifungue cha tisa chenye sifuri ya HAIJAJULIKANA, halafu niifundishe seva ikatae kabisa simu yenye mkataba wa zamani. Maana simu ya zamani isipoona tano, ingewatangaza ng'ombe wote wa Simiyu kuwa wazima. Nikakodi bodaboda nikazunguka kata kwa kata kuzibadilisha simu kwa mikono yangu. Kwenye orodha ya mabadiliko niliandika maneno mawili: maboresho madogo. Bado yapo. Nendeni mkaangalie.

Simu ya Kabula niliichukua siku aliyokuwa anakabidhi vifaa. Alikuwa ameifuta vumbi na kuifunga kwenye kitambaa. Aliniletea maziwa mgando kwenye kibuyu na kusema, "Kunywa, kaka, umetoka mbali. Haya nimeyachemsha kwanza." Nikanywa. Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja. Nikapanda bodaboda nikaondoka.

Baada ya hapo niliwafundisha ninyi. Mnakumbuka nilivyokuwa mkali kuhusu sifuri, nilivyomrudishia mmoja wenu kazi yake mara nne kwa sababu ya orodha iliyoanza na jibu zuri. Mlidhani ni busara ya uzee. Mlikuwa mkiniita profesa. Kila mliponiita hivyo nilimwona Kabula na kile kitambaa.

Wiki moja baada ya sherehe yenu nilikwenda Mwamapalala. Nilimkuta kwake, anapepeta mpunga. Ana mbuzi watano na shamba. Nilikuwa nimesikia njiani kwamba hata mbuzi wa jirani akiugua hakuna anayemwita.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, kaka Masunga. Umezeeka."

Akanipa kigoda. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, ya mkataba, na Python, na Java. Nikaanza nayo. Akanisikiliza kidogo akaweka ungo chini.

"Sema kama unamwambia mtu."

Nikasema, "Hukusoma vibaya. Maabara hawakutuma jibu. Mimi ndiye niliyeandika kwamba kimya maana yake ni mzima."

Kuku waliingia kwenye ungo na hakuwafukuza.

"Siku ile ya kikao ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi yake."

Akainuka akaingia ndani. Nilidhani amenifukuza kwa adabu, nikaanza kutafuta kofia yangu. Akatoka na lile daftari, mpira wa baiskeli umeoza umebadilishwa na kamba. Akalifungua bila kutafuta, ukurasa ukajiachia wenyewe, na nikaona kwamba umefunguliwa mara nyingi mno. Mitamba wanane wa Ngassa walikuwa wameorodheshwa kwa mwandiko wake mzuri. Mbele ya wa nane alikuwa ameandika: bado, wanarudia. Kisha akakata kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika: mzima.

"Nililikata mwenyewe," akasema. "Niliiamini simu yako kuliko mkono wangu. Halafu miaka yote hii nimekuwa nikifungua hapa najiuliza, Kabula, uliona nini? Nilikwenda mpaka kupimwa macho, kaka. Wakaniambia macho yako mazima."

Nililia. Nalisema waziwazi kwa sababu hii si karatasi ya kuficha. Yeye hakulia, wala hakuniambia nimesamehewa, na mimi sikuomba, nilijua ningekuwa namwomba anipunguzie mzigo wangu.

Akanipa kalamu. "Andika hapo."

Nikaandika pembeni ya neno lake lililokatwa: *Hili ndilo lilikuwa sahihi. Kosa ni langu. Masunga.* Mwandiko ukatoka wa mtoto. Akausoma, akaupuliza wino ukauke, akafunga daftari na kulitia kwenye mkoba. Kisha akachukua mtandio akajifunga kichwani.

"Unakwenda wapi, mayu?"

"Sola, kwa Maduhu. Halafu tunarudi kwa Ngassa. Daftari nitalibeba mimi." Akafunga mlango wake, akajaribu kufuli mara mbili. "Kusema utasema wewe. Na usiwaambie habari za mfumo."